Kinga ya Plastiki Mkononi mwa Halvor Tveit

Wapendwa majirani, na ninyi wawindaji mliovuka theluji kuja kumsindikiza baba yangu, usiku wa kuamkia tarehe 11 Januari 2024 nilikuwa jikoni, nikasikia mlio mmoja tu, tap, wa kitu chepesi kilichoanguka kwenye sakafu ya mbao chumbani kwake, na nilipofika alikuwa ameshatutoka, mkono umening'inia nje ya blanketi, vidole vimefunguka. Nitakirudia kitu hicho, lakini kwanza nimweleze tangu mwanzo, kama anavyostahili.

Halvor Tveit alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 katika shamba la wazazi wake, Bonde la Judith, Montana, mtoto wa kwanza wa Nils na Borghild, akafuatiwa na mdogo wake mmoja wa kiume, ambaye jina lake lilipigwa marufuku nyumbani kwetu tangu nikiwa mtoto, na ambaye baadhi yenu mliniomba jana nisimtaje hata leo. Alimaliza sekondari Lewistown mwaka 1964, akaenda Colorado kujifunza ufundi wa bunduki, akarudi mwaka 1969 na kufungua karakana pamoja na mdogo wake huyo, kibao juu ya mlango kikasomeka Ndugu Tveit. Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na mama yangu, Verna, katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Erling na mimi Karin.

Kazi yao ilikuwa vifaa vya bunduki za kuwindia, hasa kinga ya kifyatulio, ile pete inayozunguka mahali pa kidole, waliyoichonga kwa alumini, hadi Februari 1987 mdogo wake alipoleta moja ya plastiki ngumu aliyoitengeneza mwenyewe, akasema ni nyepesi na haing'ati mkono wakati wa baridi, na baba akasema itapasuka kama kikombe. Wakafanya wanavyofanya mafundi wa huku, wakaziacha zote mbili barazani usiku kucha, na asubuhi baba, ambaye ndiyo kwanza ametoka kunawa, akaiokota ya alumini kwa mkono mtupu uliolowa, ikamganda kwenye ngozi kwa baridi.

"Kaka, vipi, imekupenda?" mdogo wake akauliza, akicheka hadi akajishika ubavu. "Nikuletee kahawa tuimwagie, au tutakuzika nayo?"

Ngozi ya kidole ilibaki kwenye alumini, na kinga ya plastiki haikuwa na ufa hata mmoja, na kufikia mchana mkahawa mzima ulikuwa unasimulia, na baba, ambaye angevumilia kushindwa, hakuweza kuvumilia kuchekwa. "Chukua plastiki yako uondoke," alisema, na mdogo wake akahamia Salmon, Idaho, na baba akapanda ngazi, akapaka rangi juu ya neno Ndugu.

Wengi wenu mliingia karakana ile mkiuliza mchukue ipi, na hakuwahi kumdanganya mtu. Aliyewinda kwa farasi, bunduki ikigonga tandiko na mawe, alimpa alumini, lakini anayetembea kutwa kwenye theluji alimwambia, "Wewe itakufaa ya plastiki, ila mimi siitengenezi. Nenda kwa yule wa Idaho."

"Yule nani?"

"Utamjua tu. Anacheka ovyo."

Na wengine mlikuja kutoka upande ule, mkisema fundi mmoja wa Salmon amewaelekeza kwa yule mzee wa Montana. Bwana Amos Pratt, aliyekaa safu ya pili, alikuwa mmoja wao, na anakumbuka baba alivyoweka tupa chini na kumuuliza.

"Amezeeka?"

"Amezeeka."

"Bado anacheka?"

"Siku hizi si sana, mzee."

Baba akaokota tupa akaendelea na kazi, na jioni ile hakula.

Mama alifariki mwaka 2009, Erling akahamia Alaska, nami nikahamia mjini kikazi, na baba akawa anakula kwa kusimama karibu na sinki, redio ikimsomea hali ya hewa ya Montana, kisha ya Idaho, ndipo aizime. Septemba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, akatibiwa kwa muda mrefu, na Novemba mwaka jana akaomba arudishwe nyumbani.

Kilichoanguka usiku ule ni ile kinga ya plastiki ya mwaka 1987, ambayo kumbe mdogo wake aliiacha na baba akaitunza, imekuwa laini kama sabuni kwa kushikwa. Asubuhi nilipiga simu Salmon.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na jirani yetu Bi. Hanley, aliyekuwa akiondoa theluji mlangoni bila kuombwa na kuacha sufuria ya supu ngazini.

Baba, kinga yako nimeiweka mfukoni mwako, na rangi ya kwenye kibao nimeikwangua. Pumzika sasa kwa amani, mkono wako umeshafunguka.

Jeneza hubebwa na watu sita, na watano wameshasimama. Katika safu ya mwisho, karibu na makoti, kuna mzee aliyevuka mlima kwa gari kutwa nzima, kofia ameiweka magotini, hajui kama anaruhusiwa kukaa na familia. Baba mdogo, njoo umbebe kaka yako. Njoo, Orlan.