Majina kwenye Uso wa Kompyuta ya Mzee Okemwa

Miaka ishirini na saba imekwisha. Leo, tarehe 30 Juni, saa kumi na moja jioni, Mzee Manasseh Okemwa ataacha kiti chake hapa katika ofisi yetu ya huduma za kompyuta, Nyamira mjini. Maneno ya kumuaga nimeambiwa niandike mimi ninayepiga deki na kuchemsha chai, kwa sababu ndimi ninayefika naye asubuhi kabla ya wengine.

Alianza na taipureta. Kompyuta zilipokuja, wengine waliogopa, yeye akavuta kiti. Watu wengi wanaokuja kwetu hawawezi kukumbuka anwani ya tovuti, na yeye hakuwacheka. Alikuwa anapunguza dirisha la tovuti kidogo, anashika ile alama ndogo kando ya anwani, anaivuta mpaka kwenye uso wa kompyuta, anaiachilia. Hiyo inaitwa njia ya mkato. Halafu chini yake haandiki jina la tovuti. Anaandika jina la mwenye shida. Ukirudi hata baada ya mwezi, unatafuta jina lako, unabonyeza mara mbili, umefika.

Nyanya Kwamboka wa Keumbu alipoona lake alirudi nyuma hadi mlangoni. Kwetu jina likibandikwa mahali, mara nyingi ni tangazo la mazishi. Akauliza, "Manasseh, umeniandika na wafu?" Mzee akacheka, akabadilisha ikawa Mjukuu wa Kwamboka, kwa sababu alikuwa anafuatilia cheti cha huyo mjukuu. Nyanya ametutoka miaka minne sasa. Njia yake bado iko. Maureen wa kaunta alitaka kuifuta, Mzee akamwambia majina hayafutwi na mtu ambaye si mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa nane Mzee alilazwa Kisii, akapasuliwa. Siku ya tatu ya kulazwa kwake nilifuta vumbi, nikawasha mashine kama kawaida, nikaona jina jipya pale chini: Phanice. Ni msichana wangu. Alikuwa ameomba chuo cha uuguzi kwa simu ya rafiki yake, na sikuwa nimemwambia mtu, nisije nikaaibika akikosa. Nilibonyeza mara mbili, haraka, kama nilivyofundishwa. Ikafunguka orodha ya waliopata nafasi. Nilisoma polepole na kidole. Phanice alikuwa wa kumi na tisa, na juu wameandika mwisho wa kuthibitisha ni siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Hakuna ujumbe uliokuwa umetufikia.

Tulithibitisha saa tisa. Maureen aliapa hajagusa kitu. Nilipompelekea Mzee uji hospitalini nilimshukuru, akaniangalia sana. "Mama Phanice, siku hiyo nilikuwa na mipira ya hewa puani." Halafu akasema nisiifute.

Mtu huyu amewafungulia njia wanafunzi, wajane na wakulima ambao hata yeye hajui hesabu yao. Chai yake haina sukari. Akikohoa mara mbili ujue mtandao umepotea.

Sasa nimalize na lililo moyoni. Leo asubuhi nimewasha mashine, na chini ya Phanice kuna jina lingine: Okemwa. Nilimwita aone. Alisimama, kikombe mkononi, akasema si yeye aliyeiweka, kisha akaenda kufungua madirisha. Maureen anasema tuiache hivyo hivyo.

Mzee, mimi kama ningeiacha ile ya Phanice bila kuibonyeza, leo angekuwa nyumbani, si chuoni. Kwa hivyo kesho, ukiwa shambani kwako umepumzika, nitaibonyeza mara mbili. Ikiwa ni jambo jema nitakupigia simu kabla ya chai. Ikiwa ni lile aliloliogopa Kwamboka, nitaifunga polepole, na hutasikia kwangu.

Asante, baba. Ishi miaka mingi, ule matunda ya jasho lako, na simu yako iwe na chaji.