Gazeti Alilolikalia Mhariri

Kahawa ya Bwanali huchemkia nyuma ya stendi ya Newala, kwenye ukuta wa duka lililokuwa la ushirika kabla biashara haijawa huria. Benchi ni moja na wenyewe ni watatu. Mrisho, mnunuzi wa korosho, anaitwa Waziri kwa sababu akiulizwa swali hutoa ahadi. Nikolao anaitwa Bibisii kwa ajili ya redio yake isiyozimwa. Vitalis, mwalimu wa shule ya msingi, anaitwa Mhariri, na jina hilo linamchoma. Tangu magazeti ya watu binafsi yaanze kumiminika, amekuwa akituma Dar es Salaam makala juu ya Wamakonde na maendeleo ya taifa, na haijatoka hata moja. Leo basi la Mtwara limeleta gazeti lenye makala ya ukurasa mzima, na juu yake picha ya bibi kizee mwenye kipande cha mti kwenye mdomo wa juu: "Bibi Yangu Ana Ndonya." Mwandishi ni Dominika, binti wa hapa hapa, karani huko Dar, aliyefundishwa kushika kalamu na Vitalis mwenyewe. Vitalis kaisoma yote, kisha akalikalia gazeti.

— Lete tusome, Mhariri, alisema Nikolao. Au unaliatamia?

— Hakuna cha kusoma. Ni mimi, mimi, mimi, mwanzo mpaka mwisho! Mimi nilichekwa shuleni Masasi, mimi nilipofika Dar niliulizwa kama nachonga vinyago au nalinda geti. Makala ya maana huandikwa "sisi".

— Lakini hilo la geti ni kweli, alisema Nikolao. Nilipokwenda kumuuguza shemeji, kila niliyemwambia natoka Newala aliniuliza lindo langu liko mtaa gani. Siku hizi ndiyo basi tena, wote tumekuwa Wamachinga.

Mrisho alipuliza kahawa yake.

— Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Angenyamaza tu.

— Waziri, methali hiyo inamtetea! alisema Nikolao.

— Inamtetea wapi? Kwani kazaa?

Bwanali alicheka mpaka akamwaga kahawa. Vitalis hakucheka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba makala ilikuwa nzuri. Alitafuta kosa hata la nukta, akalikosa.

— Mnajua nani kamwandikia? alisema Nikolao, akipunguza sauti ya redio, jambo ambalo hulifanya kwa habari nzito tu. Wazungu. Wale wanaonunua vinyago. Vinyago vimewaisha, sasa wananunua mabibi.

— Wazungu wapi! Ni vyama vingi hivi, alisema Mrisho. Binti anautaka ubunge. Anaanza na bibi, keshokutwa atatuletea shangazi, uchaguzi ukifika kashatumaliza ukoo mzima.

— Ubunge mdogo huo. Mimi nawaambia, ndonya inarudishwa kibiashara. Itaingizwa kutoka Dubai, ya plastiki, na rangi utachagua mwenyewe. Wake zetu watapanga foleni.

— Na mimi nitakuwa wakala, alisema Mrisho. Naahidi.

— Acheni upuuzi, alisema Vitalis, na sauti yake ikawa kali kuliko alivyotaka. Jambo ni moja tu. Mama yake Dominika ni nani?

— Myao. Wa kule Masasi.

— Haya. Na kwetu mtoto huhesabiwa kwa nani?

Wakatazamana. Hata Bwanali aliacha kusuuza vikombe, maana hilo halina mjadala: kwa Wamakonde ukoo ni wa mama.

— Basi si Mmakonde! alisema Vitalis. Bibi anayemtangaza ni mama wa baba yake. Kimila huyo ni ukoo mwingine. Leo hii naliandikia gazeti, na nyote mtatia sahihi. Mwacha asili ni mtumwa.

Aliipanga barua ile kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kahawa ikampendeza. Hapo ndipo Bibi Anjelina alipotokea pembeni ya ukuta, na fimbo yake, na ndonya yake mdomoni. Ndiye bibi mwenyewe wa gazetini.

— Shikamoo, bibi! walisema wote, wakainuka.

— Marahaba, wanangu. Nasikia mjukuu wangu kanitia gazetini. Mimi nangu sijui kusoma. Mwalimu, nisomee.

Vitalis alilinyoosha gazeti. Katikati kulikuwa na aya ambayo mtu muungwana angeiruka. Aliiona ikija, akaisubiri, na kwa wivu tu akaisoma kwa sauti kubwa:

"Siku ya wageni shuleni bibi alipanda lori akaja na kikapu cha mihogo. Wenzangu wakaniuliza, huyu mwenye mdomo ule ni nani? Nikasema, ni kibarua wa nyumbani kwetu. Bibi akatabasamu, akaweka kikapu chini."

Akamtazama bibi, akingoja machozi.

— Nilisikia, alisema Bibi Anjelina. Siku ile ile. Nikajifanya sijui Kiswahili.

Redio ya Nikolao ilikuwa inasoma bei za mazao. Akaizima.

— Miaka yote hii nilidhani kasahau, alisema bibi, na uso wake wote ukachangamka. Kumbe na yeye ilimkaa moyoni! Mtoto wangu yule.

Furaha ile Vitalis hakuiweza.

— Lakini mama, kimila Dominika si wetu. Mama yake Myao. Anapataje kuandika habari za Wamakonde?

— Kweli, baba. Wa ukoo wangu si yeye. Mmakonde hasa ni wewe. Mama yako yuko Kitangari, tulitobolewa mdomo msimu mmoja, na ndonya yake anayo mpaka leo. Hayo unayoandika kila siku ukapeleka Dar, mama yako ulimsemaje?

Vitalis alizipitia makala zake zote kichwani: korosho, uhuru, ngoma, vinyago. Palikuwa na "akina mama wa Kimakonde" mahali fulani. Akaikumbuka na harusi yake, mama amekaa nyuma ya watu, kanga imefunika mdomo, kwa kuwa yeye Vitalis ndiye aliyemwomba aufunike. Aliwatazama wenzake wamsaidie. Mrisho, asiyekosa ahadi, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu.

— Basi nisomee tena pale aliponikana, alisema bibi. Polepole.

Vitalis akasoma. Alipofika kwenye "kibarua wa nyumbani kwetu", alimwonea Dominika wivu upya. Sentensi ile ilikuwa yake yeye, tangu siku ya harusi, na mtoto aliyemfundisha a, e, i, o, u ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuiandika.