Hasira Mbili za Fundi Cheche

Benchi lililo kati ya duka la kinyozi na karakana ya kuchomelea vyuma halina mgongo, ndiyo maana wanaolikalia huegemea maneno. Pembeni yake Mama Kicheko huuza kahawa, mtoto mgongoni, birika jikoni. Siku hiyo alikuwa na jambo moyoni. Asubuhi binti wa Fundi Cheche alimjia mbiombio: "Dada, mchumba wangu anakuja leo kujitambulisha kwa baba. Nisaidieni." Mchumba wa kwanza, Fundi alimkimbiza na nondo, kandambili yake moja bado iko juu ya paa la karakana. Mama Kicheko akamnong'oneza Kinyozi, akamnong'oneza na Mama Sindano, fundi cherehani. Basi Mama Sindano akautandika ule mchezo wao wa mashujaa: yeye anasimulia safari, kila mmoja ana shujaa wake mwenye uwezo wake vitani, na dadu ndilo linaloamua nani kapiga na nani kapigwa.

— Shujaa wangu ni Mkali, alisema Cheche. Uwezo wake ni hasira. Akipandisha, anapiga maradufu na haumii. Napandisha sasa hivi!

— Kwa lipi, shemeji? Mama Sindano akauliza. Hamjakutana hata na nzi.

— Kuna mlango, Kinyozi akadakia. Umefungwa, kaka. Na unakutazama vibaya.

Dadu likabingirika. Mlango ukawa kuni.

— Haukuwa na hata kufuli, alisema Mama Sindano. Haya, imebaki moja.

— Moja? Jana si ulisema nne kwa siku?

— Jana ilikuwa jana. Mkali ana hasira mbili. Zikiisha, mpaka alale.

Mama Kicheko alimwona mwenzake akiinamia pindo la gauni alilokuwa akilishona, kusudi asicheke. Akampenda bure.

— Mtu gani anakasirika mara mbili tu? Cheche akafoka. Mimi kabla sijavaa viatu nimeshamaliza tatu!

— Hasira ni uzi wa bobini. Ukiisha, cherehani inapiga kelele lakini haishoni.

— Wapi! Hasira ni gesi ya mtungi. Ukijua kufunga koki, unatumia mwezi mzima.

— Wote hamjui, alisema Kinyozi. Hasira inakaa kwenye nywele. Mnadhani kwa nini shujaa wangu Mwizi akipiga kwa nyuma adui anaanguka? Kisogoni ndiko ilikojificha! Mtu anaingia kwangu anafoka, namnyoa kisogo, anatoka anasema asante.

— Na wenye vipara?

— Imehamia kwenye ndevu.

— Na sisi tusio na ndevu?

— Ninyi mmewaachia waume zenu wawatunzie.

Mama Kicheko alicheka hadi mtoto akarukaruka mgongoni.

— Mwenye mtoto anayeota meno, alisema, hizo mbili hazimfikishi saa ya chai.

Kinyozi akasogea karibu na Cheche.

— Kaka, kuna chura njiani. Amekuangalia kitambi, akacheka.

— Akacheka?

— Kwa sauti.

— Napandisha!

Chura yule alitukanwa hata Mama Kicheko akamziba mtoto masikio. Benchi lilipigwa ngumi, vikombe vikaruka. Kisha Cheche akaketi, akajifuta jasho, uso umemlegea kama mtu aliyetua mzigo.

— Zimeisha, alisema Mama Sindano. Mpaka ulale.

— Shujaa au mimi?

— Mchezo haujafungwa, shemeji. Nyote wawili.

Hapo ndipo akatokea kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Chini, alikuwa amevaa viatu vya kukimbilia.

— Shikamooni. Samahani, kwa Fundi Cheche ni wapi?

Kinyozi ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kupuliza mashine yake. Cheche alivitazama vile viatu, akaitazama kandambili juu ya paa, mwisho akamgeukia Mama Sindano.

— Haijabaki hata nusu?

— Hata robo.

Mama Kicheko aliinamisha birika amkirimu mgeni. Likatoa tone moja, basi. Cheche akakitazama kikombe chake, ambacho kwa kelele zote zile hakuwa amekigusa. Akakisukuma taratibu hadi mbele ya kijana.

— Kaa, unywe. Bahati yako sijalala.