Cornelius Lusweti na Asidi Tusiyoipima

Baada ya miaka kumi na sita kiwandani kwetu, Bwana Cornelius Lusweti anastaafu tarehe 30 Juni 1988. Umri wa kustaafu haujafika. Anaondoka kwa ushauri wa daktari.

Aliajiriwa 1972, kila mtu huku alipokuwa akipanda miwa hadi mlangoni, akapangiwa matangi ya chokaa. Kila saa alipima asidi ya maji ya miwa na kuongeza chokaa kabla sukari haijaharibika. Aliweza kuonja tone moja akakisia kipimo, nasi tukipima tunakuta amekosea kidogo tu. Siku ya michezo, kwenye shindano la kuvuta kamba, yeye ndiye aliyejifunga mwisho wa kamba kiunoni, na timu yetu ya maabara haikuwahi kuburutwa.

Mwaka 1985 tuliburutwa. Mapaja yake yalikuwa yamekwisha, shati linaning'inia, naye anahema hata akiwa ameketi. Tulimbandika jina la Boila, kwa kuhema kama mtambo wa mvuke wa kiwanda, akacheka pamoja nasi. Alipoomba asipandishe tena magunia ya chokaa ngazini, mimi, msimamizi wake, nilidai ameanza kutega kazi, nikamwandikia barua ya onyo. Naona haya kuyasema, lakini ndivyo nilivyofanya.

Kumbe alikuwa mgonjwa. Mkewe, Mama Nanjala, alimshika mkono hadi hospitali ya misheni. Daktari akaeleza kwamba figo zilizochoka hushindwa kutoa asidi mwilini. Inajaa kwenye damu, na mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Alimpa vidonge vya kuituliza. Kuhema kumepungua na misuli haiishi kwa kasi ile, ingawa figo hazitapona. Nilikosa pa kuweka uso. Maabara nzima, vipimo mkononi, na hakuna aliyemuuliza anaumwa nini.

Barua nimeiondoa kwenye faili lake. Yeye anasema hayo yamepita, kisha ananiuliza kama chokaa mpya ni nzuri. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Siku ya kumuaga, jina lake likisomwa, tafadhali msimngoje ainuke. Tuinuke sisi.

Mzee Lusweti, asante kwa kazi yako, na utusamehe. Tunakuombea maisha mema, na miguu ya kukufikisha kanisani Lurambi bila kupumzika njiani.

Wangila, msimamizi wa maabara