Chipsi za Wifi

Macho hayana pazia, na masikio ya fundi cherehani kwenye basi ndiyo kabisa. Mbele yake, mama mwenye boksi mapajani alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti.

"Namrudishia wifi kikaango chake cha hewa. Kila nikipika chipsi za friza, zinatoka zimelegea kama matambara."

"Unaziyeyusha kwanza?"

"Naziyeyusha, naziosha, halafu nakijaza pomoni."

"Dada, hizo umezifua! Zitie na barafu yake, chache chache, utikise katikati."

"Tangu lini barafu ikakaangwa?"

Fundi alijizuia kucheka. Basi likasimama.

"Si ulisema ndipo kwa wifi yako hapa?" jirani akauliza.

Mama alilikumbatia boksi. "Leo hayupo."

Nje ya dirisha, mwanamke mmoja alikuwa akimpungia mikono miwili.