Gari Jeusi Lisiteremke

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba funga huo mlango unaolia, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kushindana na bawaba. Daktari amewanong'oneza kule sebuleni kwamba leo jioni siioni, akidhani mzee amelala. Sikio hili limesikiliza injini maisha yangu yote, litashindwaje na mnong'ono wa daktari? Amesema kweli. Nami naogopa, sitawaficha. Nilipanga niwaambie siogopi, kama wanavyosema wazee wengine ili watoto wasilie, lakini tangu asubuhi baridi inapanda kutoka miguuni, sasa iko magotini, na kila ikisogea nashtuka kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi gizani. Basi nisikilizeni kabla haijafika kifuani.

Gereji ni yenu wote watatu, wewe binti yangu, wewe kitinda mimba, na kaka yenu mkubwa ambaye simwoni hapa. Msiikate vipande, msiweke ukuta katikati, maana gereji yenye ukuta katikati ni mabanda mawili ya ugomvi. Binti yangu, uliyejifunza rangi mpaka msasa ukakula ncha za vidole, gari la krimu lenye viti vya ngozi nyekundu ni lako. Asije mtu akakushawishi ulimwagie rangi nzito za siku hizi. Lipake rangi nyepesi, lisugue, lipake tena, mpaka ukiinama mlangoni uone meno yako. Wewe kitinda mimba chukua lile la kijivu lisilo na injini. Usininunie. Chai tu huwezi kuingoja ipoe, ndiyo maana nakupa gari ambalo kwa miaka kadhaa halitakupeleka popote, na likija kupata injini utakuwa umepata akili.

Kuna yule mkusanya magari mwenye kofia, mnamjua, anayegusa bodi za watu kama anapapasa vitambaa sokoni. Atakuja kabla hamjafuta machozi, aseme nilimwahidi gari jeusi. Sikumwahidi. Mpeni kiti, mpeni maji, mnyimeni gari.

Sasa hilo gari jeusi, na hapa nataka mnyamaze kabisa. Ni la kaka yenu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelala chini yake pamoja nami tulipolitoa kwenye kutu. Lakini lisitoke gereji mpaka breki zote zifunguliwe upya. Mmekua mkisikia kwamba mume wa shangazi yenu alikufa kwenye mteremko, gari lake jeupe likapita kona ya shule bila kukata, likaishia ukutani. Mlichosikia ni kwamba breki ziligoma. Kwa nini ziligoma, hilo halikusemwa humu ndani, kwa sababu dada yangu alikuwa ameshaamua ni mkono wangu. Mimi ndiye niliyelifunga lile gari breki. Akaniambia mbele ya waombolezaji, "Wewe ndiye uliyemfungia mume wangu kifo chake," akaondoka, na tangu siku ile hajakanyaga hapa.

Nililifungua lile gari, wanangu, likiwa bado lina vioo vitini. Magari ya aina ile, na hili jeusi ni la aina ile ile, yana breki zinazokunywa mafuta yake peke yake, ya kijani, mepesi, yanayofanana na ya cherehani. Shemeji yangu alipita kituo cha mafuta, kijana wa watu akamwongezea yale ya njano yanayotiwa magari mengine yote. Hakukosea kwa ubaya. Fundi mzuri wa magari mapya ndiye hasa anayefanya kosa hili, maana kwake mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Na ubaya wake ni kwamba siku hiyo hakuna kinachotokea. Unakanyaga, linasimama vizuri. Kesho linasimama. Huko ndani vile vimpira vinavyozuia mafuta yasivuje vinaendelea kuvimba na kulainika kama mkate uliolowa maziwa, halafu siku moja unakanyaga na mguu unakwenda mpaka sakafuni. Nilimpelekea dada yangu vile vimpira mkononi. Akasema nimetafuta pa kutupia lawama, akanifungia mlango.

Mbona mnatazamana?

Kaka yenu yuko wapi? Nimeuliza. Amekwenda stesheni kumpokea shangazi yenu, vizuri, nimefurahi kwamba amekubali kuja, Mungu ampe maisha. Amekwenda na gari gani?

Binti yangu, usilie, jibu. Kitinda mimba, nitazame mimi, acha kutazama sakafu. Mliliwasha lile jeusi nilipokuwa nimelazwa. Mlitaka kunifurahisha, nimeelewa. Mkaongeza mafuta ya breki, na kifuniko cha chombo chake, chenye maandishi ya onyo, kiko kwa fundi wa kupaka kromu, nilikipeleka mwenyewe king'arishwe. Mafuta gani, mwanangu? Ya kopo la dukani. Rangi gani?

Ya njano. Na mmekuwa mkizunguka nalo mtaani tangu wakati huo, na breki zinashika safi.

Piga simu. Mpigie kaka yako sasa hivi. Mungu wangu, umekosea namba, mpe dada yako apige. Weka sauti kubwa, iweke hapa juu ya mto, karibu na sikio.

Mwanangu. Ni mimi. Uko wapi? Juu ya mlima, penye tangi la maji. Hujaanza kuteremka? Zima gari. Usiniulize, zima. Bado nasikia injini, zima kabisa. Haya. Tia gia, vuta breki ya mkono, sasa nisikilize. Mlitia mafuta ya njano. Najua breki zinashika. Za shemeji yangu zilishika milima yote mpaka ile moja. Utateremka kwa gia ya kwanza? Na yeye alikuwa na gia ya kwanza. Na breki ya mkono alikuwa nayo, waliikuta imevutwa mpaka mwisho. Hilo ni gari zito kama nyumba, baba, likianza kwenda halikusikilizi, na pale chini kona ya shule saa hizi watoto wanatoka.

Mpe simu shangazi yako.

Dada. Eeh, ni mimi, sauti ndiyo hii iliyobaki. Usilie, sikukuita tugombane. Hilo gari ulilokalia lina mafuta yale. Yale niliyokuletea mkononi ukanifungia mlango. Ya zamani usiniamini, dada, yaache yalale, niamini kwa hili tu. Fungua mlango ushuke.

Nimesikia mlango. Ameshuka. Binti yangu, umesikia? Shangazi yako ameniamini, ameshuka. Ah, asante, dada. Asante sana. Hapo tumemaliza, mimi na wewe.

Ngoja nivute pumzi. Niinue kidogo. Basi, inatosha.

Mwanangu, weka mawe kwenye magurudumu, yote, makubwa. Ufunguo tia mfukoni. Mshike shangazi yako mkono, mje kwa miguu polepole, goti lake bovu. Unasema mkitembea hamtanikuta. Najua. Mdogo wako anatafuta mwenye teksi kwa simu nyingine, huenda akapatikana, huenda asipatikane, mimi sina uwezo wa kungoja teksi. Unataka uje peke yako na gari, shangazi abaki. Hapana. Nimesema hapana. Unafikiri mimi sitaki? Nimekungoja wewe tangu asubuhi. Hawa wamenishika mikono huku na huku, na bado naogopa, nilitaka mkono wako mzito uwe hapa kifuani ili hii baridi ikifika ikukute. Hofu ya kufa sijakuona naiweza, mwanangu. Ile nyingine siiwezi. Siwezi kulala hapa nikisikiliza barabara.

Msinipeleke makaburini kwa gari langu lolote. Nibebeni mabegani. Mungu awape macho ya kuona kilichooza kabla hakijakatika. Awape kazi, na mikono yenu isikose cha kushika. Mpendane. Yeyote atakayelia kwamba hakuniwahi... mwambieni mimi ndiye niliyemwamuru.

Bado upo? Sikusikii vizuri... Nasikia upepo tu. Ndiyo upepo wa juu huo. Sio injini. Niambieni sio injini.

Vizuri. Tembea, mwanangu. Usikimbie, shangazi yako ataanguka.

Chelewa. Nimekuruhusu, baba. Chelewa.