Mizizi ya Kumwonyesha Muuzaji

Kwenye gari la abiria, Noah iliyotoka Oldonyo Sambu, siti ya mbele yangu alikaa mama aliyepakata mche wa soya alioung'oa na mizizi yake. Majani yalikuwa ya njano. "Shikamoo baba," akamwamkia mzee asiyemfahamu aliyekaa pembeni yake. "Nampelekea muuza pembejeo Ngaramtoni. Leo lazima anipe mbolea ya yurea."

"Marahaba. Yurea ya nini? Mbegu si ulichanganya na dawa ya vijidudu, vile vinavyotengeneza mbolea kwenye mizizi?"

"Nilichanganya. Vimelala."

"Udongo una baridi, mama. Hata wewe mwezi huu wa sita huamki mapema. Ngoja. Soya ikishiba yurea, haitavihitaji tena."

Mzee akapasua kwa kucha kinundu kimoja cha mzizi, humo vijidudu vinamokaa, akakikagua kama anayefunua kope la mbuzi mgonjwa. Ndani kilikuwa chekundu. "Damu hiyo. Vinafanya kazi."

Mama akapasua cha kwake, kikawa cheupe. "Hiki kimekufa."

"Hakijaanza!"

Wakaendelea kupasua, mzee akitafuta vyekundu na mama vyeupe, na kila mmoja akavipata. Mimi nalima migomba tu, lakini jibu nilikuwa nalo. Hakuna aliyeniuliza.

Noah iliposimama Ngaramtoni, mche haukuwa na kinundu hata kimoja. "Umwambie tulivipasua!" mzee akapaza sauti dirishani.

"Nitamwonyesha mizizi," mama akajibu, akiukung'uta mche wake. "Ajionee mwenyewe kama kuna kitu."